Kikapu cha Mizani ya Zahanati

Nesi alinisema mbele ya foleni nzima. "Umesoma mpaka sekondari, halafu mtoto unamlisha upepo?" Akanionyesha kadi: tangu mwezi uliopita mwanangu kapungua karibu kilo nzima. Nami mgongo uliniuma kwa kumbeba toka Kiwalani!

Nyumbani, mama mkwe akaichukua kadi. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima, hakuna karatasi iliyompita. "Namba zimeshuka. Ijumaa naondoka naye kwetu Masasi, akale uji wa maana." Mume wangu, mchonga vinyago, akainama akaendelea kupiga msasa. Mtoto wa miezi minane, ananyonya bado, ananitoka hivi hivi.

Alhamisi nikarudi zahanati apimwe tena. Kwenye benchi alikuwapo dada wa chuo kikuu, aliyeshinda pale wiki nzima na daftari lake. Alisomea mitambo, kisha akasomea mambo ya jamii. Kazi yake, alituambia, ni kuchunguza kama chombo kinafaa kuaminiwa na kama kinamtendea mtu haki.

Nikamtundika mtoto ndani ya kanga kwenye ndoano ya mizani. Ndivyo tulivyofanya tangu kikapu cha mizani kilipochanika mwanzoni mwa wiki: kila mama na kanga yake, tukaona hata usafi umezidi. Namba ile ile. Nikamtoa, kwa hasira kanga nikaiacha inaning'inia tupu. Mshale ukarudi, ukapita sifuri, ukasimama nyuma yake.

Nikaita. "Nesi, hebu tazama. Kanga yangu ina uzito chini ya sifuri?"

Nesi akashika mdomo. Sifuri ile iliwekwa kikapu kikiwa juu ya ndoano, kikapu kizito cha mbao na ukindu. Kilipoondoka, hakuna aliyeurekebisha mshale, kwa hiyo kila mtoto alikatwa uzito wa kikapu. Na kwa kuwa tulikuja na watoto tumeshawafunga, mizani tupu hakuna aliyeiangalia.

Dada wa chuo akafunga daftari. "Niliona Jumatatu," akasema taratibu.

"Uliona nini?"

"Mshale. Nilitaka kujua mtauamini mpaka lini. Ndiyo utafiti wenyewe, ndugu yangu."

Jumatatu! Siku tatu anatutazama tukitukanwa!

"Mwanangu anapandishwa basi kesho, wewe unaandika?"

"Sikujua kama..."

"Hukuuliza!"

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nesi alirekebisha mizani, akampima mtoto, akaandika kadi upya: hakuwa amepungua. Kisha nikamwambia yule dada: twende kwangu, ukaseme kwa mdomo wako.

Tulimkuta mama mkwe anafunga mzigo. Akaitikia shikamoo. Alipoelezwa yote, hata la Jumatatu, alikaa chini kama aliyesukumwa. Akaisoma kadi kwa kidole, namba moja moja. Halafu akafungua mzigo, akatoa nepi za mwanangu na kuniwekea mapajani, bila kunitazama.

Akamgeukia mgeni. "Watoto wengine waliopimwa wiki hii, mama zao umewaambia?"

"Bado, mama."

"Majina yao si yamo humo daftarini?"

"Yamo."

"Basi inuka, jua halijazama."

Nikamfunga mtoto mgongoni nikatoka na yule dada. Hasira ilikuwa haijaniisha, lakini nyumba za wale kina mama yeye hakuzijua. Mie nilizijua.