Nilichapisha Nyimbo za Mazishi kwa Herufi za Baga

Nilikosea, na sitafuti wa kunionea huruma. Nilijiona bingwa, kumbe nilikuwa mjinga tu mwenye kompyuta.

Kazi yangu ni kuchora matangazo na kadi, ofisi iko mjini, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Kuna fonti moja nilinunua, yaani mtindo wa herufi, nene, ya maumbo ya jiometri tu. O ni duara kamili lililojaa wino, katikati kumebaki katundu. A ni pembetatu isiyo na tundu. E ni mistari mitatu iliyobanana.

Niliitumia kwa bango la mkahawa wa baga kule mtaa wa Karen. Ilisimama vizuri, unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikalewa sifa. Kila mteja nikampa hiyo hiyo, na aliyetaka herufi za kawaida nilimwona mshamba.

Ndipo Wekesa akafiwa na mama yake. Wekesa ni fundi wa mawe, jirani yangu mtaani Waithaka, na ndiye aliyenitafutia nyumba ninayokaa. Aliniomba programu ya mazishi yenye nyimbo tatu, kwa herufi kama za kitabu cha kanisani, kwa sababu mama alikuwa mwimbishaji na wenzake ni wazee. Nilimcheka! Mtu amefiwa, mimi namwambia aache ushamba, mama anastahili kitu cha kisasa. Hakubishana. Alikuwa amechoka.

Nikapanga kila kitu kwa fonti yangu, hadi beti za nyimbo.

Kanisani, ubeti wa kwanza uliimbwa vizuri kwa sababu wanaujua kwa kichwa. Wa pili, sauti zikapungua. Wazee wakageuza karatasi kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Wa tatu, wimbo ukakatika kabisa, jeneza likiwa mbele yetu. Mchungaji akatuambia tukae.

Nje, shangazi yake Wekesa alinifuata, akanipa ile programu.

"Kijana, hebu nisomee hapa."

Nilisoma mstari mmoja. Wa pili nikakwama, kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

"Basi," akasema. "Hukumwandikia mama yetu. Ulijiandikia wewe."

Wekesa hakunigombeza. Miaka yote salamu yetu ilikuwa "niaje". Siku hizi tukikutana langoni ananiambia "habari yako", kama anasalimia karani wa ofisi. Nimeomba msamaha mara mbili, akasema imeisha. Haijaisha.

Nyinyi mnaojiita wabunifu, najua mko wengi na mnadharau watu kama nilivyowadharau. Hizo herufi nene ziwekeni kwa mabango, kwa maneno mawili matatu, mwishie hapo. Kabla hujachapisha kitu cha mtu, mpe mzee yeyote akusomee kwa sauti, wewe ukisikiliza. Akikwama, futa. Hata kama umeipenda. Hasa kama umeipenda.