Mwalimu wa mvutano

Mwalimu wa fizikia wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapiti penye kitu kinachovutwa bila kusimama. Ng'ombe akikokotwa au ndoo ikipandishwa kisimani, yeye hunong'ona, "Uzito, msuguano, mchapuko," kama anayesali rozari, huku akifikicha vidole vyake laini vyenye vumbi la chaki.

Asubuhi moja pikapu iliyobeba nyanya za mkulima Goretti kwenda Mbarara ilizama topeni karibu na Base Camp, makao makuu ya kambi. Wanaume sita walishika kamba. Mwalimu akachuchumaa, akachora mishale kwenye udongo, kisha akatangaza, "Mvutano utaishinda kamba hiyo! Ikunjeni mara mbili, kila upande ubebe nusu." Hakuna aliyemsikiliza. Kamba ikakatika, wote sita wakaketi topeni.

"Si nilisema?" akauliza mwalimu, uso umemng'aa.

Walipoiunga na kuikunja, Goretti akamshika mkono. "Mwalimu, nyanya yangu inaoza! Kuya uvute na weye."

Akavuta. Pikapu ikatoka, watu wakashangilia. Yeye akabaki akivitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Kumbe mvutano unauma," akamwambia Goretti kwa mshangao wa kweli, yeye aliyeufundisha miaka kumi na minane.