Herufi za Betri

Binti yetu alipofikisha miaka minne, mimi na mume wangu tuliamua kwamba hataanza shule mikono mitupu kama sisi. Mume wangu ni fundi kwenye kiwanda cha chai. Alipoenda Mbeya kufuata vipuri, alirudi na kompyuta ya plastiki ya kuchezea. Ukibonyeza herufi, taa inawaka na sauti ya mwanamke wa Kizungu inaitamka.

Siku za mwanzo nilikaa na mtoto. Kisha nikaona mashine inajua Kiingereza kuliko mimi, nikaenda zangu jikoni kumenya ndizi. Nyumba yetu pale Ibighi ilijaa ei na bii. Majirani niliwaeleza bila kuulizwa.

Betri zikaanza kuchoka. Yule mwanamke akawa anavuta maneno, sauti ikazidi kuwa nzito, mwisho ikawa kama ya mzee aliyekatishwa usingizi. Mimi nilidhani ndivyo Kiingereza kinavyokuwa ukiendelea nacho mbele. Mtoto, kwa utiifu wake, naye akavuta.

Mama mkwe alikuja kutoka Kisiba, akamsikiliza mjukuu wake kwa muda.

"Mtoto ana kifua," akaniambia. "Mchemshie tangawizi."

"Ni Kiingereza, mama."

"Basi kinamuumiza."

Siku ya usaili tulimpeleka kwenye shule ya awali inayofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alimwonyesha herufi A. Binti yetu akashusha kidevu mpaka kifuani, akatoa "eeeiii" ndefu iliyodidimia taratibu hadi ikazimika, na macho akayafumba kama taa ya mashine. Mume wangu akatazama viatu vyake. Nilifungua mdomo nieleze, mwalimu mkuu akaniashiria ninyamaze. Akamwonyesha nyingine moja moja, akasikiliza hadi herufi ya mwisho, kisha akamgeukia mwenzake.

"Unasikia? Hiyo ndiyo lafudhi ya wenyewe." Akatuuliza, "Mmewahi kuishi nje?"

"Tuliishi Kawetele," mume wangu akajibu, akimaanisha kata ya jirani.

Mwalimu akatabasamu, akadhani tunajishusha. Mtoto akapata nafasi.

Jioni ile mume wangu aliweka betri mpya. Mwanamke wa Kizungu akatamka ei haraka, kwa uchangamfu. Binti yetu akairudisha mashine kwa baba yake.

"Huyu hajui," akasema, na hakuigusa tena.

Kabla muhula haujafika katikati, nilimsikia mtoto wa jirani, anayesoma na binti yetu, akivuta bii uani kwao kwa sauti ya kuzimu. Mama yake aliniita uzioni, amejaa fahari. Alisema mwalimu humsimamisha binti yetu mbele ya darasa kila asubuhi, wenzake wamfuatize.

"Hebu niambie, mama," akasema, "mlimfundishaje?"

Nilimjibu kwamba ni uvumilivu tu, mzazi kukaa na mtoto wake kila jioni. Akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ndilo linalowashinda wazazi wengi siku hizi.