Ule Iko Peke Yake

Juzi pale Sake niliwatazama wajukuu wangu wakicheza mpira. Mmoja akapaza sauti: "Niko peke yangu, leta!" Mpira ukamfikia mara moja.

Mimi nilipokuwa msichana mdogo nilitolewa Walikale, nikaletwa Masisi kwa shangazi, na Kihunde, lugha ya wasichana wenzangu, sikukielewa. Mchana mmoja uwanja wa shule ulinuka mikaratusi na mvua. Mwalimu wetu, Mama Veronika, alitupanga duara, tukarushiana mpira wa majani ya migomba. Kisha akamweka mmoja katikati aunyakue. Mwishowe akatugawa makundi mawili, akasema kwa Kiswahili cha kwetu: "Musitupe ovyo-ovyo. Mumupe ule iko peke yake."

Nilifurahi mno. Nani alikuwa peke yake kuliko mimi? Nikaenda mbali, mpaka kwenye uzio, wanione vizuri. Nikanyoosha mikono. Vicheko vyao vilinijia pamoja na baridi ya mlima, mpaka kengele ikalia.

Leo najua alimaanisha yule ambaye hakuna anayemkaba. Lakini siku ile hakuna aliyeniambia kwamba aliye peke yake ni lazima aite.