Sanduku la Barua la Watu Arobaini

Oloo hakuwahi kufungua baruapepe bila kubisha. Aligonga meza mara mbili kwa kidole, akasema "Hodi," ndipo akabonyeza. Ukimcheka, alikuuliza kama wewe huingia nyumba za watu kama upepo.

Saiba yake, duka la intaneti, ilikuwa mtaa wa Kianda: mashine tatu, moja mbovu. Anwani ilikuwa moja tu, yake, na watu kama arobaini, nami mwalimu wa mtaa nikiwemo, tuliitumia kuomba kazi, kuandikia shule, kupata habari za mtoto aliyeko Qatar. Barua ikifika, Oloo alisimama mlangoni akaita jina la mwenyewe.

Jumatatu moja ikaja barua yenye jina na nembo ya kampuni ya baruapepe: sanduku litafungwa leo, tuma nenosiri uthibitishe. Oloo hakujua kwamba jina la mtumaji mtu yeyote anaweza kujiandikia, kama nyuma ya bahasha. Ila hakutaka kuamua kuhusu mali ya umma peke yake. Akaita mkutano.

"Tupige kura," akasema Wakoli, fundi wa mawe.

Tulipiga. Thelathini na mmoja tulikubali nenosiri litumwe. Sidhani kuna watu waliowahi kuibiwa kidemokrasia kutuzidi.

Kufikia saa nane mchana nenosiri letu lilikuwa limekataa, na mtu alikuwa akiwaandikia jamaa zetu kwa jina la Oloo kwamba amelazwa, asaidiwe. Shangazi yake Wakoli alifika na chupa ya uji. Alipomkuta mgonjwa amesimama, alikasirika, akarudi na uji wake.

Kilichomnyima Oloo usingizi ni Marion, binti wa jirani. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi mara ya tatu, jibu lije kwa sanduku lile, na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa Ijumaa.

Njia ya kurudi ilikuwa moja: namba ya siri itumwe kwa simu iliyoandikishwa siku sanduku lilipofunguliwa. Siku hiyo Oloo alikuwa ameibiwa simu, akaandikisha ya Githinji, landilodi wake wa zamani kule Kawangware. Hawakuwa wamesemezana tangu Oloo atangaze mbele ya wageni kwamba githeri ya Githinji, yale mahindi na maharagwe yake, ina mawe.

Alhamisi alimeza kiburi, akampigia.

"Githinji, umepata namba ya tarakimu sita kwa simu. Nisomee."

"Hapana, omera. Wameandika nisimsomee mtu."

"Ni mimi Oloo!"

"Hata mwizi angesema ni Oloo."

"Mimi ndiye nilisema githeri yako ina mawe!"

"Hiyo mwizi hangejua," akasema Githinji. "Lakini hata Oloo ni mtu."

Ijumaa asubuhi akaja mwenyewe kwa boda, amevaa koti la kanisani. Aliomba namba nyingine itumwe, akatugeuza sote tutazame ukuta, akaibonyeza kwa kidole kimoja huku ameifunika simu kwa kofia. Sanduku likafunguka.

Barua ya Marion tuliikuta kwenye taka. Mashine ilikuwa imeitupa huko na matangazo ya dawa za upara. Ile ya mwizi ndiyo ilikaribishwa sebuleni. Marion alithibitisha saa nne, akalia, akamkumbatia Githinji, ambaye aliishika simu yake kwa nguvu zaidi.

Mwaka uliofuata Oloo alirudi kwao Siaya. Siku ya kufunga mizigo nilimuuliza nenosiri jipya. Alitazama nyuma, akaninong'oneza:

"Mwalimu, hilo sasa ni siri kabisa. Tunalijua watu kumi na wawili tu."