Mwana wa Nyumbani Katika Hema la Wageni

Jumatatu asubuhi niliondoka Nakuru bila mpango, mkoba begani, kama wasomaji wangu wanavyonijua. Nilikuwa mjini Bahati nikinywa chai simu ilipolia. Alikuwa binti wa rafiki yangu wa Molo. "Mzee, baba ametuacha. Alitaka azikwe Kabazi, kando ya mama yake, lakini wajomba zake hawajakubali." Sikumaliza chai. Nikashika njia ya Kabazi.

Mama wa rafiki yangu alikuwa mchuma pareto katika shamba la mzungu. Mzungu huyo ndiye aliyekuwa baba, naye alirudi kwao kabla mtoto hajajua kutembea, akamwachia ngozi na nywele, basi. Rafiki yangu nilimfahamu nilipokuwa nikipakia viazi kwenye malori ya Molo. Alilima kama kila mtu, kucha zimejaa udongo, lakini dalali mgeni akifika alimkimbilia yeye: "Boss, shamba hili lote ni lako?" Akijibu kwa Kiswahili, wapakiaji walicheka, "Cheki, mzungu anabonga Kiswahili!" Akiongeza Kikuyu, walipiga makofi. Kila alichosema ili atoke ndani ya ile ngozi kilimfungia zaidi, maana mtu wa nyumbani hapigiwi makofi kwa kujua lugha ya mama yake.

Mama huyo alipofariki, tulikwenda pamoja Kabazi. Msimamizi wa mazishi, mtu mchangamfu mwenye maikrofoni, alimwona rafiki yangu kwa mbali, akamshika mkono, akamketisha kwenye hema la wageni wa heshima na kumpa soda. Kisha akatangaza, "Jamani, marehemu alikuwa na marafiki mpaka ng'ambo! Mgeni wetu, wasalimie watu." Rafiki yangu akasimama. "Mimi ndiye kifungua mimba wake," alisema. Watu wakaangua kicheko, wakidhani Kiswahili kimempotea. "Amejaribu!" akasema msimamizi. "Mpigieni makofi!" Wajomba, waliomjua tangu utotoni, walitazama chini. Hakuna aliyeinuka.

Hapa Bonde la Ufa tumezoea kumsoma mtu kabla hajafungua mdomo. Mimi niliacha shule mapema, nimelala miji mingi, na kila mahali naulizwa, "Wewe ni wa wapi?" Mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu. Nikichoka, nabadilisha mji. Mwenzangu angebadilisha nini?

Nilipofika Kabazi niliwakuta wajomba wameketi uani, binti amesimama mbele yao. "Hatukatai, msichana wetu," alisema mkubwa wao. "Tunangoja watu wa kwao waje kwanza."

"Guka, babu yangu, watu wa kwao ni nyinyi. Wengine hatuna."

Mzee akainuka, akatuongoza hadi kwenye kaburi la dada yake, akachora mstari kando yake kwa mkongojo. "Chimbeni hapa. Mzungu wetu alale kando ya mama yake."

Binti alishukuru, kisha akageuza uso. Nilielewa. Alikuwa amepata alichokuja kukiomba, na hata hivyo baba yake alikuwa bado hajatoka ndani ya ile ngozi.

Jioni nilipata chumba nyuma ya hoteli ya pale sokoni, nikaandika haya. Ukimpa mtu kaburi katikati ya ukoo wake na bado ukamwita kwa jina la mgeni, hujampokea. Kesho tutamzika na jina hilo.