Ringi Bila Wavu

Ilianza Jumamosi saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, upepo wa Kitengela ulipoinua vumbi la uwanja wa mpira wa kikapu na kila mtu akafunga macho. Mimi sikufunga. Mimi ndiye huandika pointi, na nilikuwa nimelalia karatasi isipeperuke, kidevu juu ya meza, macho kwa ringi.

Ringi yetu haina wavu. Timu ya dadangu ilipochukua ubingwa mara ya pili, wachezaji waliukata, kila mmoja akajifunga kipande mkononi. Wakaapa hakuna wavu mwingine utawekwa mpaka wachukue ubingwa wa tatu. Tangu hapo mpira ukiingia hausikiki. Unapita tu, kama kitu kimeanguka kwa kisima kikavu na hakijafika chini. Msimu mzima tumeshindwa, na hata mashabiki wamezoea kunyamaza. Hakuna anayepiga makofi mpaka refa ainue vidole.

Hii ilikuwa mechi ya mwisho. Tukishindwa tunashuka daraja, na mfadhili alishasema hatalipa wachezaji wa daraja la chini. Dadangu hana kazi nyingine. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zimeisha, na mpira wake uko hewani.

Vumbi likapita. Mpira ulikuwa unadunda chini ya ringi, polepole, peke yake.

Refa akaja mezani akijipangusa macho. "Wewe msichana, imeingia?"

Mimi hata darasani siinui mkono. Watu wote wakanigeukia. Dadangu alikuwa ameshika kile kipande cha wavu.

"Imeingia," nikasema.

Niliona vizuri. Mpira ulipita kando ya ringi, bila hata kuigusa.

Usiku huo wachezaji walikuja kwetu na soda. "Kumbe huyu bubu wetu ako na sauti!" mmoja akanitania. "Neno moja kwa mwaka, lakini la maana!" Wakacheka mpaka soda ikamwagika. Dadangu hakucheka. Walipoenda akaniuliza, mgongo kwangu, akiosha vikombe:

"Uliona kweli?"

"Niliona."

"Mimi nikiurusha najuanga. Huu ni kama haukufika mahali."

Nilikuwa nasikia mpira unadunda nje, polepole vilevile. Nikaenda kuchungulia. Mpira ulikuwa ndani ya begi la dadangu, kando ya mlango, umetulia. Nje hakukuwa na mtu. Nikarudi jikoni na bado ulikuwa unadunda.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimwamsha dadangu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akijaribu kufungua fundo la kile kipande cha wavu mkononi kwa meno. Nikavaa viatu nikaenda nyumbani kwa kocha wa timu. Nilibisha mara tatu, na mlango ulipoanza kufunguka nilikuwa nimeshaanza kusema.